Kinyaturu cha Ukubwani

Ramadhan Mughwai alizinduka hospitalini Singida akiwa amepooza upande wote wa kulia, na neno la kwanza alilolitoa mdomoni mke wake hakulielewa.

Johari alidhani ni ulimi tu uliokuwa mzito. Aliinama, akasogeza sikio karibu na ule mdomo uliopinda, akamwomba mumewe arudie. Ramadhan akarudia. Mhudumu mmoja, kijana wa Ihanja aliyekuwa akipitisha ndoo ya kupigia deki, akasimama mlangoni na kumwambia kwa upole kwamba mzee anaomba maji. Anaomba kwa Kinyaturu.

Alimpa maji. Siku zikapita, na maneno yakazidi kurudi, lakini yaliyorudi yote yalikuwa ya Kinyaturu. Kiswahili hakikurudi hata kidogo. Daktari alieleza kwamba maradhi haya huwa na mambo yake: lugha aliyonyonya mtu kwa mama yake inaweza kubaki, na ile aliyojifunza baadaye ikapotea. Huenda ingerudi, huenda isirudi. Alisema hivyo huku akitazama kitanda cha pili, kwa sauti ya mtu anayeulizwa kama basi la jioni litakuja.

Johari alitoka nje, akakaa kwenye msingi wa ukuta. Alikuwa na miaka arobaini na mitano na alihisi amechoka kana kwamba amelima tangu asubuhi.

Baba yake, mzee Kombo, alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Tabora, na mama yake alikuwa mtu wa Kondoa. Nyumbani kwao mjini Singida waliongea Kiswahili peke yake, na waliona fahari kukiongea vizuri. Johari alisoma mpaka darasa la sita, jambo ambalo kwa msichana wa wakati wake halikuwa dogo. Ramadhan alikuwa dereva wa lori aliyeshusha mizigo dukani kwa mzee Kombo, kijana wa Sepuka, mpole, msafi, mwenye tabia ya kufuta viatu kabla ya kuingia. Walipooana, Johari aliweka sharti moja. Kilugha kisiongelewe ndani ya nyumba. Mtoto asije akaenda shule na ulimi uliopinda, akachekwa.

Ramadhan hakubisha. Alikuwa akiongea lugha yake na abiria wake garini, na jamaa zake langoni, kisha akiingia ndani anaiacha nje pamoja na vumbi la viatu. Binti yao, Zena, alikua bila kujua hata kusalimia kwa lugha ya baba yake. Uhuru ulipokuja, na redio ikawa inahimiza kila siku kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, Johari alisikiliza na kutikisa kichwa kama mtu aliyekuwa amekwisha kulisema hilo zamani.

Sasa Zena alikuwa Tabora, mhudumu wa zahanati, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya kazini. Mtu asiyeendesha lori hawezi kukaa kwenye nyumba ya dereva. Kwa mzee Kombo vyumba vilikwisha kujaa wake wa kaka zake Johari. Ilikuwa mwaka sabini na nne, watu wa Sepuka walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye maboma yao ya zamani wakapangwa kwa mistari katika kijiji kipya, na dada mkubwa wa Ramadhan, Selina, alikuwa ameomba kiwanja kimoja kwa jina la ndugu yake. Kaka yake Johari, Idrisa, aliazima gari. Wakampakia mgonjwa juu ya godoro, pamoja na masufuria, cherehani na redio, wakaenda.

Selina alikuwa mjane. Alibatizwa alipoolewa kwa Wakatoliki, mume akafa, watoto wakatawanyika, naye akarudi karibu na nyumbani kwao. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyokauka kwa jembe, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia kuku. Yeye na Johari hawakuwa maadui. Kwa zaidi ya miaka ishirini walikuwa wakionana kwenye misiba na harusi, Johari anamwamkia shikamoo wifi, Selina anaitikia, wanakaa pamoja kimya mpaka chakula kije.

Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi ambazo upepo wa huko ulizichomoa kila siku. Maji yalichotwa kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa korongo, na ukichelewa unakuta matope. Johari aliamka alfajiri akaenda kuteka maji, akarudi akamgeuza mumewe, akamwosha, akambadilisha shuka, akapika uji wa uwele, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Kisha alikwenda shamba la kijiji, kwa sababu kila kaya ilipaswa kutoa mtu, na yeye ndiye alikuwa huyo mtu. Mchana alirudi kumgeuza tena. Alikuwa hajawahi kushika jembe maishani. Viganja vyake vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine.

Kila asubuhi alipomgeuza, Ramadhan alisema maneno yaleyale. Alikunja uso, akayasema kwa mkazo, kisha akafumba macho. Johari alimletea maji, akayakataa. Alimfunika blanketi, akalisukuma kwa mkono wake mzima. Jioni Selina alipokuja kumsalimia ndugu yake, Johari alimwomba asikilize, amweleze mgonjwa anataka nini.

Selina alisikiliza. Akasema, "Anasema asante."

Kesho yake ilikuwa asante tena. Na kesho kutwa. Ramadhan aliposema maneno marefu zaidi, Selina alifikiri kidogo, halafu akasema kwamba anamshukuru sana Mama Zena. Johari alianza kupata shaka. Alikuwa ameishi na mtu huyu, aliujua uso wake. Hivi sivyo alivyoonekana akishukuru.

Jioni moja alimfuata wifi yake jikoni akamwambia kwamba anataka kujifunza Kinyaturu.

Selina hakucheka, ila aliacha kukoroga mboga. "Wewe? Sasa hivi?" alisema. "Lugha inaingia utotoni, Mama Zena. Mtu mzima haimwingii."

"Nifundishe hata hayo machache."

"Sijui kufundisha. Mimi naongea tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Selina alinyoosha kidole kwenye chungu, akataja chungu. Akanyoosha kwenye moto, maji, mwiko, jivu, akataja yote mara moja tu, kisha akaendelea na mlenda wake. Johari akirudia, Selina alisema sivyo. Akirudia tena, sivyo. Kosa lilikuwa wapi, Selina hakuweza kulieleza, kwa sababu hakuwahi kulifikiria. Mwishowe Johari aligundua kwamba si herufi zilizokuwa zikimponza, ni sauti. Neno lilelile likipandishwa lilikuwa kitu kimoja, likishushwa likawa kingine. Kuandika, jambo ambalo lilimfanya ajione ni mtu wa maana tangu utoto, hakukumsaidia kitu hapa. Herufi hazikuonyesha wapi pa kupanda na wapi pa kushuka. Ilimbidi asikilize tu, ashike, apoteze, aulize tena.

Watoto wa jirani walijua kabla ya watu wote kwamba anajifunza. Alipowasalimia njiani walimwitikia kwa adabu, halafu walipomzidi hatua chache wakaiga alivyosalimia na kuanguka kwa kicheko. Johari aliendelea na ndoo yake kichwani. Hakuwa na nguvu za kukasirika.

Wakati huohuo mwenyekiti wa kijiji, Antipasi, alikuja na ombi. Serikali ilitaka watu wazima wote wajue kusoma na kuandika, na kijiji kizima hakikuwa na watu wengi waliofika darasa la sita. Johari akapewa kisomo cha jioni katika ofisi ya TANU, siku tatu kwa wiki, ubao mmoja na chaki. Alitaka kukataa. Alitazama uso wa Antipasi, nao ulikuwa umechoka kama wake, akakubali.

Walikuja wanawake wengi na wanaume wachache, wakiwa wametoka mashambani, wengine na watoto mgongoni, wengine wakisinzia. Selina pia alikuja, akakaa nyuma. Mwanafunzi mgumu kuliko wote alikuwa mzee Gaspari, mfugaji, aliyeishika chaki kama anayezuia nyoka asiponyoke. Kwa majuma mengi hakuweza kutofautisha b na d. Mwanzoni Johari alimwambia mbele ya wote kwamba jambo hili hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Mzee yule alikubali kwa kichwa, akafuta, akaandika tena, akakosea.

Lakini siku moja, baada ya kukosea neno la maji jikoni kwa Selina jioni nzima ya jana yake, Johari alijikuta amesimama tu nyuma ya mzee Gaspari. Alimwacha afute. Alimwacha akosee. Kisha akamuuliza herufi ile inamwonekanaje yeye mwenyewe. Gaspari alifikiri, akasema hii ni ng'ombe anayetazama huku, na hii anatazama huku, ila yeye husahau boma liko upande gani. Johari akachora boma ubaoni. Mzee hakukosea tena sana.

Jikoni nako, mambo yalianza kushikana. Alijua maji, uji, moto, chumvi, mkono, bega, mguu, njoo, ngoja, kaa. Alianza kushika vipande vya maneno ya mumewe, kama mtu anayesikia redio yenye mikwaruzo. Siku moja, akiwa anafua nje, alimsikia Ramadhan akipaza sauti ndani kwamba ng'ombe wamechukuliwa. Johari alitupa shuka akakimbia mpaka zizini kwa Selina, akahesabu ng'ombe wote wanne, akarudi akihema kumwambia wifi yake aliyekuwa anapura uwele. Selina aliingia kwa ndugu yake, wakaongea, akatoka, akakaa chini kwa kucheka. Ng'ombe walichukuliwa kweli, lakini ni zamani, mwaka wa njaa, Ramadhan akiwa mtoto. Lugha yao ilikuwa na namna moja ya kusema jambo la leo na namna nyingine ya kusema la siku nyingi, na Johari alikuwa hajafika huko.

"Umekimbia miaka arobaini umechelewa," Selina alisema akifuta macho. Ilikuwa mara ya kwanza Johari kumwona akicheka. Naye akacheka.

Kiangazi kilipoingia alikuwa na maneno ya kutosha, na asubuhi moja, alipopitisha mkono chini ya kwapa la mumewe ili amgeuze kama siku zote, Ramadhan alisema maneno yake yaleyale na Johari akayasikia. Hakuyasikia yote, lakini aliyasikia ya kutosha. Bega. Gunia. Unanivuta kama gunia.

Alimlaza polepole. Akatoka nje, akamkuta Selina anafungua mbuzi.

"Wifi," alisema. "Miezi yote hii ulikuwa unaniambia anasema asante."

Selina aliendelea kufungua fundo la kamba. Alipomaliza alisimama wima. "Ningekuambia nini?" alisema kwa Kiswahili chake kifupi. "Nilikuwa nakuona unaamka gizani. Nakuona mikono yako. Nikuambie anakutukana? Ungeondoka. Nami nisingekulaumu."

"Bega linamuuma. Nimekuwa nikimvuta bega bovu."

"Sikujua bega linauma kweli. Nilijua ananung'unika. Hata marehemu baba alikuwa hivi."

Johari alirudi ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakusanya maneno yake. Kwa Kinyaturu kibovu, sauti ikipanda mahali pasipo pake, akamuuliza mumewe ni bega lipi, na linauma wapi.

Ramadhan alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na asiyemfahamu. Kisha akainua mkono mzima, akauvusha kifuani, akagusa bega la kulia kwa nyuma. Akamweleza. Johari alimwambia ngoja, sema tena, polepole. Akasema tena. Tangu siku ile alimnyanyua kwa kupitisha mikono yote mgongoni, na alfajiri zikawa kimya.

Kimya hakikudumu. Ramadhan alipojua kuna mtu wa kumsikia, alimimina yote yaliyomkaa. Uji ni wa moto mno. Uji hauna chumvi. Redio imewekwa mahali ambapo haisikiki ila kelele. Kwa nini dirisha linafunguliwa upande wa upepo. Johari alishika nusu, akaomba arudie, akashika robo nyingine. Ilikuwa kazi mpya juu ya kazi zote, na jioni kichwa kilimuuma kwa kusikiliza.

Katikati ya manung'uniko hayo, mchana mmoja wakati akimkata kucha, Ramadhan alisema jambo kwa sauti ya chini, bila hasira. Johari alimwomba arudie mara tatu, si kwa sababu hakulielewa mara ya pili. Alikuwa anasema kwamba miaka yote ile ya mjini alikaa katika nyumba yake kama mgeni. Neno lao la mgeni linakaribiana na la Kiswahili, hakukuwa na namna ya kulikosea.

Kwa Kiswahili Johari angekuwa na majibu kumi. Angemkumbusha kwamba hakukataa. Angesema ni kwa ajili ya mtoto, angesema hata serikali yenyewe imesema. Lakini mumewe hakuwa tena na Kiswahili cha kuyapokelea majibu hayo, na kwa Kinyaturu yeye alikuwa na maji, uji, bega, ng'ombe, jana na zamani. Hakukuwa na hata sentensi moja ya kujitetea ndani yake. Basi akaendelea kumkata kucha. Alipomaliza mkono ule alimwambia kitu pekee alichoweza kukisema bila kukosea, kwamba amesikia.

Ramadhan akamsahihisha. Alikuwa amekosea hata hicho. Akalisema neno lenyewe inavyopasa, naye akalirudia mpaka mumewe akaridhika, na nusu ya mdomo wake, ile nzima, ikatabasamu.

Baada ya hapo yeye ndiye akawa mwalimu, na alikuwa mkali kuliko Selina. Hakumwacha amalize kumnywesha uji bila kumuuliza majina ya vitu. Alimsimulia mambo ya maboma ya zamani, mashamba ya baba yake, jina la kila fahali. Mengi yalimpita Johari. Alikuwa amechoka, mara nyingine alisinzia akiwa ameketi, na Ramadhan aliendelea kusimulia hata hivyo.

Zena alikuja likizo ya wiki moja. Baba yake alimshika mkono akaongea naye kwa muda mrefu, na yule binti akamgeukia mama yake huku machozi yakimtoka. Johari akatafsiri alichoweza. Palipomshinda alisema pamemshinda.

"Mama, umejifunza lini haya?" Zena aliuliza.

"Sijajifunza bado," Johari alisema. "Kaa hapa. Anza na kumwamkia."

Zena aliondoka akijua kuamkia, kuaga, na neno la baba. Barua zake zilizofuata ziliuliza maneno mengine, na mama yake alimjibu kwamba hayaandikiki vizuri, aje ayasikie.

Ramadhan hakupata nafuu. Alipata kifua masika ya mwaka sabini na sita, akafariki baada ya siku chache tu. Siku ya mwisho hakusema neno ambalo mtu yeyote alilitambua, si Johari wala Selina. Wakamzika karibu na kijiji kipya, kwa kuwa njia ya kwenda kwenye maboma ya zamani ilikuwa imeota miiba. Johari hakulia sana. Alilala kwa siku mbili, na Selina akawaambia watu wamwache.

Idrisa alirudi kwenye arobaini, na gari limeazimwa tena. Alimwambia dada yake kwamba wamempatia chumba, afungashe waondoke pamoja. Johari alijibu kwamba uwele uko shambani na bado haujavunwa, na kuna watu wa kisomo ambao mtihani wao umewapita mara moja tayari. Baada ya mavuno ataona. Idrisa alisema mavuno ya Sepuka hayana kitu cha kumweka mtu. Johari alikubali kwamba hayana.

Baada ya hitima wanaume walibaki mbele wakila, na wanawake wakakaa nyuma ya nyumba wakiosha masinia. Johari alikaa kwenye gogo kando yao, viganja vimefunguka mapajani. Wawili kati yao, waliotoka mbali na wasiomjua, walikuwa wakiongea kwa Kinyaturu kuhusu yeye. Walisema gari limekuja. Walisema huyu wa mjini hatafika mavuno, na kwa kuondoka kwake walitumia neno ambalo Johari hakuwahi kulisikia.

Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawauliza, kwa Kinyaturu, lile neno la mwisho lina maana gani.

Wale wanawake waliacha kuosha. Mmoja alitazama chini, mwingine akaanza kuomba radhi. Johari alisema hakukasirika, ni neno tu halijui.

Selina, aliyekuwa akipangusa masinia kwa nyasi, ndiye aliyemjibu. Alimweleza kwamba husemwa juu ya ndege aliyekuwa akila uwele uliotandazwa juani, anaposikia kishindo akaruka. Akalitamka tena, polepole kuliko alivyokuwa akifundisha zamani.

Johari akalirudia.

"Umelipandisha mno," Selina alisema. "Mwisho linashuka."

Akalirudia tena. Wale wageni wawili, aibu ikiwaisha, nao wakamtamkia, kila mmoja kwa namna ya kwao. Mbele ya nyumba Idrisa alikuwa akimwita dereva. Johari alifumba macho kidogo kwa uchovu, akalijaribu lile neno mara ya tatu.

"Bado," Selina alisema, akamsogezea sinia la kupangusa.